Windhoek, Mji Unaohesabu Maji Yake



Katika somo letu la jiografia tumefika nchi za kusini mwa Afrika, nami nimeona ya kuwa habari za mji mmoja wa huko zastahili kuandikwa hapa kwa urefu kuliko zilivyo katika kitabu cha darasani. Mji huo ni Windhoek, mji mkuu wa Namibia. Sisi wa Uganda, tuliozoea kuona ziwa kubwa na mito isiyokauka, twaweza kudhani kwamba shida ya maji ni ya watu wa jangwani tu. Nawaomba msome mpaka mwisho, kwa maana jambo hili latuhusu sisi pia.

Swali la somo letu ni hili: Maji ya mji yakianza kupungua, na watu wakizidi kuongezeka, wenye kuutunza mji wafanye nini? Nilipowauliza vijana wa kidato cha tatu, karibu wote walijibu, "Wakatafute maji mahali pengine." Jibu hilo si baya, na wakuu wa Windhoek walilijaribu. Lakini polepole walijifunza kutanguliza swali jingine: Maji tuliyo nayo yanapotelea wapi? Mtu anayeuliza hivyo hufanana na mfanyabiashara afunguaye daftari lake na kuhesabu senti zilizotoka kabla ya kwenda kukopa.

MAHALI ULIPO MJI

Windhoek umejengwa juu ya nchi ya vilima, kimo cha mita 1,650 hivi juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi liko jangwa la Namib, na upande wa mashariki liko jangwa la Kalahari. Mvua ya mwaka ni kama milimita 360 tu, nayo haina ahadi: mwaka mmoja yaja, mwaka wa pili haionekani. Tena jua la huko lina nguvu nyingi mno. Maji yaliyo wazi yaweza kupotea kwa jua kimo cha zaidi ya milimita 3,000 katika mwaka mmoja. Linganisheni hesabu hizo mbili, nanyi mtaona kwamba jua la Windhoek laweza kunywa maji mara nane kuliko mvua inavyoleta.

Mito iliyo karibu na mji ni ya mchanga. Hupita maji siku chache baada ya mvua kubwa, kisha hukauka. Mto usiokauka ulio karibu kuliko yote ni Okavango, nao uko kaskazini, mbali kwa kilomita 700 hivi.

Mtauliza: Kwa nini basi watu walijenga mji mahali kama hapo? Jibu limo katika majina ya kale. Wanama walipaita /Ai//Gams, yaani mahali pa maji ya moto, na Waherero walipaita Otjomuise, yaani mahali pa mvuke. Palikuwa na chemchemi za maji ya moto zilizobubujika mwaka mzima. Jonker Afrikaner alikaa hapo na watu wake tangu miaka ya 1840 na kitu, na mwaka wa 1890 Wajerumani wakajenga ngome yao. Maji ndiyo yaliyouita mji.

JINSI MAJI YALIVYOPUNGUA

Mji mdogo ulitosheka na chemchemi. Ulipokua, watu wakachimba visima virefu na kuvuta maji kwa pampu. Sasa angalieni jambo hili vizuri. Chemchemi na kisima ni milango miwili ya nyumba moja. Maji ni yale yale yaliyo ndani ya nyufa za mwamba. Ukiyavuta kwa pampu kupita kiasi yanachorudishwa na mvua, uso wa maji hushuka chini ardhini, na chemchemi hukauka. Ndivyo ilivyokuwa Windhoek.

Baada ya hapo wakajenga mabwawa. Bwawa la Avis lilijengwa mwaka wa 1933, na la Goreangab mwaka wa 1958. Hayo hayakutosha, ndipo yakajengwa makubwa matatu upande wa kaskazini: Von Bach, lililoanza kazi mwaka wa 1970, na Swakoppoort na Omatako yaliyofuata kabla na baada ya mwaka wa 1980. Von Bach laweza kushika mita za ujazo milioni 48 hivi, Swakoppoort milioni 63, na Omatako milioni 43. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani madebe 50 ya lita 20.

Wakati huo huo watu wakaongezeka. Katika hesabu ya watu ya 1991, mwaka mmoja baada ya Namibia kupata uhuru, mji ulikuwa na watu kama 147,000. Mwaka wa 2011 walikuwa zaidi ya 320,000, na katika hesabu ya 2023 walikuwa wamekaribia nusu milioni. Mvua haikuongezeka hata tone moja kwa ajili yao. Kwa hiyo, hata mwaka ambao mabwawa yanajaa vema, sehemu ya kila mtu ni ndogo kuliko ilivyokuwa kwa babu yake.

Sasa na tufungue daftari la maji tuone yanapotelea wapi. Nitaeleza njia tatu za kupotea, na dawa ya kila moja.

NJIA YA KWANZA: JUA

Niliwapa wanafunzi wangu jaribio rahisi, nanyi mwaweza kulifanya. Twaa vikombe viwili vya maji vilivyo sawa. Kimoja kimimine katika sinia pana, cha pili katika chupa yenye shingo nyembamba. Viache juani kutwa nzima. Jioni sinia litakuwa limekauka au karibu kukauka, na chupa itakuwa bado ina maji. Kipimo kilikuwa kimoja; tofauti ni upana wa uso unaotazama jua.

Mabwawa matatu ya Windhoek yana tofauti hiyo hiyo. Omatako ni kama sinia: limetanda, wala halina kina kirefu. Von Bach lina kina zaidi kwa kiasi cha maji yake. Kwa sababu hiyo shirika la maji la nchi, liitwalo NamWater, huendesha mabwawa hayo kama bwawa moja. Mvua ikinyesha na Omatako likapata maji, hawayaachi yakae pale. Huyavuta kwa mabomba mpaka Von Bach upesi iwezekanavyo, ili jua lisiyakute yametandaa. Ya Swakoppoort pia hupelekwa Von Bach. Hawakuongeza bwawa jipya wala mvua mpya. Walibadili mpango wa kuyaweka tu, na maji mengi yakaokoka.

Iko ghala bora kuliko hata Von Bach, nayo ni mwamba wenyewe ulio chini ya mji. Katika miaka ya 1990 wataalamu walianza kujaribu kurudisha maji ardhini. Mwaka wenye mvua nyingi, maji ya bwawa husafishwa kabisa, kisha huingizwa kwa visima mpaka ndani ya nyufa za mwamba, yakae huko kama chakula ghalani. Chini ya ardhi jua haliyafikii. Mwaka wa ukame ukija, visima vile vile hutumika kuyatoa. Lakini yapasa kuwa waangalifu, kwa kuwa maji machafu yakiingia mwambani ni vigumu sana kuyatoa. Ndiyo sababu hakuna ruhusa ya kuingiza maji ambayo mtu hawezi kuyanywa.

NJIA YA PILI: MATUMIZI YASIYO NA KIPIMO

Mwaka wa 1994 halmashauri ya mji wa Windhoek ilikubali mpango wa kupunguza matumizi ya maji. Mambo yake makuu ni rahisi kueleza. Kwanza, bei ya maji huenda kwa ngazi. Lita za mwanzo, zile za kunywa, kupika na kuoga, huuzwa kwa bei ndogo. Anayezidi kipimo hicho hulipa zaidi kwa kila lita, na anayezidi sana hulipa zaidi tena. Pili, ni marufuku kumwagilia bustani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, kwa sababu saa hizo jua hunywa kuliko mimea. Tatu, mwenye bwawa la kuogelea hutakiwa kulifunika. Nne, mafundi hutafuta mabomba yanayovuja na kuyaziba.

Yako mambo mawili ya kufikiri hapa. Jambo la kwanza ni kwamba bomba linalovuja halimnufaishi mtu yeyote. Maji yake yamekwisha kupandishwa kwa pampu, yamesafishwa, yametiwa dawa, gharama zote zimelipwa, kisha yanaingia mchangani. Kuziba bomba ni kama kuchimba kisima kipya, tena kwa bei nafuu.

Jambo la pili lahusu haki. Upande wa kaskazini-magharibi wa Windhoek wako watu wengi wanaokaa katika nyumba za mabati, na kila mwaka huja wengine kutoka mashambani kutafuta kazi. Hao huchota maji katika bomba la watu wote na kuyabeba kwa ndoo mpaka nyumbani. Mtu abebaye ndoo kichwani hahitaji kufundishwa kutunza maji. Uzito umekwisha kumfundisha. Kwa hiyo, tangazo la mji likisema "kila mtu apunguze," yafaa tuulize: apunguze kutoka kipimo gani? Yule mwenye bustani na bwawa la kuogelea anayo ya kupunguza. Yule mwenye ndoo mbili kwa siku hana. Bei ya ngazi ni nzuri kwa sababu hutofautisha watu hao wawili, lakini haiwezi kufanya kazi ya bomba ambalo halijafikishwa kwa watu.

NJIA YA TATU: KUTUPA BAADA YA KUTUMIA MARA MOJA

Njia hii ndiyo iliyoupa mji wa Windhoek sifa duniani. Maji tuliyooga, tuliyofulia, na yaliyopita chooni, katika miji mingi husafishwa kidogo na kuachwa yaende zake. Katika nchi kavu, hayo ndiyo mto pekee usiokauka. Kila siku watu huamka, huoga na kupika, na mto huo hupita chini ya barabara mvua inyeshe isinyeshe.

Mwaka wa 1968 Windhoek ulifungua mtambo hapo Goreangab wa kuyasafisha maji hayo mpaka yafae kunywa, kisha kuyarudisha moja kwa moja katika mabomba ya mji. Ulikuwa mji wa kwanza duniani kufanya hivyo. Mtambo wa kwanza ulikuwa mdogo; mwanzoni haukufika mita za ujazo 5,000 kwa siku. Mwaka wa 2002 ulifunguliwa mpya, wenye nguvu ya kutoa mita za ujazo 21,000 kwa siku. Hizo ni lita milioni 21, au madebe 1,050,000. Kwa kawaida kama robo ya maji ya mji hutoka hapo, nayo huchanganywa na maji ya mabwawa na visima kabla ya kumfikia mtu.

Msingi wa kazi hii ni kutenganisha. Maji ya viwandani, yenye kemikali, hayaruhusiwi kuchanganyika na ya majumbani. Ya viwanda huenda mahali pake, na ya majumbani huenda katika mtambo uitwao Gammams. Huko vijidudu wadogo hutumiwa kula uchafu, na maji hukaa katika vidimbwi siku kadhaa. Ndipo huletwa Goreangab.

Goreangab maji hupita vizuizi vingi, kimoja baada ya kingine. Hutiwa hewa ya ozoni, ambayo huua viini na kuvunja uchafu. Hutiwa dawa ya kugandisha chembe ndogo, kisha mapovu ya hewa huzipandisha juu zikaondolewa. Huchujwa katika mchanga. Hutiwa ozoni tena. Hupita katika makaa maalum, ambayo hunasa harufu, rangi na kemikali zilizobaki. Husukumwa katika utando wenye vitundu vidogo mno hata viini vya maradhi haviwezi kupenya. Mwisho hutiwa klorini. Maana ya kuweka vizuizi vingi ni hii: hakuna kizuizi hata kimoja kilicho kamili, lakini kosa la kimoja hushikwa na kinachofuata.

Tena maji hupimwa usiku na mchana. Kipimo kikionyesha kasoro, mtambo huacha kutoa maji kwa watu. Huyarudisha ndani yaanze safari upya mpaka kipimo kiwe sawa. Tangu 1968 hakujaonekana mlipuko wa maradhi ulioletwa na maji ya mtambo huo.

Mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo, mtaalamu Lucas van Vuuren, alishika fikra ya kwamba maji yasihukumiwe kwa yalikotoka, yahukumiwe kwa ubora wake yalivyo sasa. Naona fikra hiyo ni kweli, lakini haiaminiki kwa kusemwa tu. Watu huamini kwa sababu kuna watu wanaopima kila siku, na kwa sababu mtambo hukubali kufungwa inapobidi. Mji ukitaka kufuata mfano huu bila kuweka wapimaji waaminifu, heri usianze.

Hata hivyo si kila kazi yahitaji maji safi kiasi hicho. Windhoek una mabomba mengine yanayochukua maji yaliyosafishwa nusu, nayo humwagilia viwanja vya michezo na bustani za mji.

MTIHANI WA UKAME

Kati ya 2013 na 2016 mvua zilikuwa haba mno, na mabwawa matatu yakashuka mpaka karibu kukauka. Wakati wa shida hiyo, viwanda vinavyotumia maji mengi vilibanwa, na kazi za ujenzi zikapungua. Mwaka wa 2016 serikali ya Namibia ilitangaza hali ya dharura kwa ajili ya ukame, na ilitangaza tena mwaka wa 2019.

Ni nini kilichoukoa mji? Maji ya mwambani, yaliyovutwa kwa visima kwa nguvu zaidi. Mtambo wa Goreangab, ulioendelea kutoa fungu lake la kila siku. Na watu wenyewe, waliopunguza matumizi. Mabwawa, ambayo katika miaka mizuri hutoa sehemu kubwa ya maji, ndiyo yaliyoshindwa kwanza. Yatupasa tukumbuke hapa kwamba kila chanzo kina udhaifu wake: bwawa hutegemea mvua, kisima hutegemea kurudishiwa, na mtambo hutegemea maji yaliyotumiwa. Hakuna aliye na kimoja tu akalala usingizi.

Na lile jibu la "mahali pengine"? Upo mfereji wa zaidi ya kilomita 250 kutoka Grootfontein mpaka Omatako, uliomalizika mwaka wa 1987, na matumaini yalikuwa siku moja uunganishwe na mto Okavango. Kipande hicho cha mwisho hakijajengwa. Gharama ni kubwa, na mto una wenyewe wengi. Maji yake hutoka Angola, hupita mpakani mwa Namibia, na kuishia Botswana katika delta ambayo iliingizwa mwaka wa 2014 katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka wa 1994 nchi hizo tatu ziliunda tume moja ya kuutunza mto huo. Basi maji ya mbali si maji ya bure. Huja pamoja na majirani.

SISI TUNAHUSIKA VIPI?

Labda baadhi yenu mmesoma habari za Goreangab mkikunja uso. Sasa tazameni kwetu. Mfereji wa Nakivubo hupita Kampala ukichukua maji machafu ya mji, ukaingia Ziwa Victoria katika ghuba ya Murchison. Katika ghuba hiyo hiyo, hapo Ggaba, mna mitambo inayovuta maji ya kunywa ya Kampala. Kinamasi cha mafunjo kilichokuwa kikichuja uchafu huo kimeliwa sana na mashamba na majengo. Maji yanapozidi kuchafuka, kuyasafisha huhitaji dawa zaidi na fedha zaidi.

Kwa hiyo sisi pia twanywa maji yaliyokwisha kutumika. Tofauti ni kwamba Windhoek wanajua hivyo, wametenganisha uchafu wa viwanda na wa majumbani, na wanapima kila hatua. Sisi tumeliachia ziwa kazi hiyo, nalo halikuulizwa kama linaiweza. Mji wa jangwani hulazimika kuhesabu tone kwa sababu hauna jingine. Mji ulio kando ya ziwa waweza kukawia kuhesabu, mpaka maji yawe mengi machoni na machache kikombeni.

MASWALI YA KUJIFUNZIA

1. Eleza kwa nini chemchemi za Windhoek zilikauka baada ya watu kuchimba visima virefu.

2. Bwawa lenye uso wa kilomita moja ya mraba limepoteza kimo cha mita 2 kwa jua. Ni mita ngapi za ujazo zilizopotea? Ni madebe mangapi ya lita 20?

3. Kwa nini maji ya Omatako hupelekwa Von Bach upesi? Chora picha ya mabwawa mawili kuonyesha jibu lako.

4. Kwa nini ni lazima maji ya viwandani yatenganishwe na ya majumbani kabla ya kusafishwa kwa kunywa?

5. Tafuta shuleni kwetu bomba au tangi linalovuja. Weka chombo chini yake kwa dakika kumi, pima maji yaliyoingia, kisha piga hesabu ya siku moja na ya muhula mzima. Mpe mwalimu wa zamu hesabu hiyo kwa maandishi.

Swali la tano ndilo kubwa kuliko yote. Anayeweza kulijibu kwa hesabu iliyo sawa amekwisha kuanza kazi ile ile inayofanywa Windhoek.